Somo: Kupunguza uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa kutumia vihisi (sensa) kwenye lodge na ofisi zetu Mwanza

Wadau, habari za kazi. Kila ninapoitwa kufunga vifaa hivi, swali la kwanza huwa bei ya vihisi. Naomba swali la kwanza liwe: uniti zinakwenda wapi? Kihisi chenyewe hakipunguzi umeme. Kinaleta taarifa, na taarifa hiyo ndiyo inayozima kitu kisicho na mtumiaji. Ukinunua kabla ya kupima, utahangaika na taa za LED za korido huku AC inanguruma kwenye chumba kitupu.

Hatua ya 1: Pima
Soma mita saa nne usiku, usome tena alfajiri, fanya hivyo siku kadhaa. Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afungue DB (boksi la kugawa umeme) na kuweka vibano vya kupimia mkondo kwenye sakiti kubwa: AC, hita za kuogea, pampu inayopandisha maji kwenye simtanki. Kibano kinazunguka waya mmoja tu, wa laivu. Kikibana laivu na nyutro pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, utasoma sifuri wakati pampu inazunguka mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: Anza na AC
AC ya BTU 12,000 (kipimo cha uwezo wa kupoza) isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kupunguza kasi ya kompresa, hula takribani kilowati 1 kompresa ikiwa kazini. Mgeni akishinda soko la Mwaloni na kuiacha inafanya kazi, hesabu mwenyewe.

Weka kihisi cha sumaku, kinachojua kama pamefunguliwa au pamefungwa, kwenye dirisha na kwenye mlango, na cha mwendo ndani. Dirisha likikaa wazi dakika 2, AC izimwe. Ikishazimwa isiwashwe tena kabla ya dakika 3, ili presha ya gesi isawazike na kompresa isiumie.

Hapa wengi wanakwama: kihisi cha mwendo cha kawaida huona joto linalosogea, na mgeni aliyelala hasogei. Ukikitegemea peke yake utamzimia mtu AC usiku wa manane. Kiunganishe na mlango. Mlango ukifungwa, halafu mwendo ukaonekana ndani, mtu yumo, na anahesabiwa yumo mpaka mlango ufunguliwe tena. Mlango ukifungwa na dakika 15 zikapita bila mwendo wowote, chumba ni kitupu.

Tafadhali msikate umeme wa AC kwa swichi ndogo ya Wi-Fi ya ampea 10. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya kawaida, na swichi hiyo itaungua. Tumia kifaa cha infraredi kinachotuma amri kama rimoti.

Hatua ya 3: Tumia ubaridi wa usiku
Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi usiku hewa ya nje ni baridi kuliko ya ndani. Kihisi cha joto cha nje kikionyesha hivyo, feni inatosha. Ila usikifunge karibu na jiwe! Mawe yetu hushika joto la mchana na kulitoa mpaka usiku, kihisi kitadanganyika.

Hatua ya 4: Mtandao
Vifaa vingi vya bei nafuu hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu. Kwenye kuta nene za mawe, Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo) hufaa zaidi kwa sababu vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme hupokezana mawimbi. Kanuni za kuwasha na kuzima zikae kwenye kompyuta ndogo ndani ya jengo, yenye UPS (betri ya akiba), ziendelee hata intaneti ikikatika.

Hatua ya 5: Linganisha
Gawanya uniti za mwezi kwa idadi ya vyumba vilivyolala wageni, ukihesabu kila usiku wa mwezi huo, kabla na baada ya kufunga vihisi. Jumla pekee inapanda na kushuka kufuata wageni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, nina swichi ya kadi mlangoni. Haitoshi?
Jibu: Inasaidia, ila wageni huchomeka kadi yoyote na kuondoka. Ongeza kihisi cha mlango na cha mwendo, ndivyo vinavyojua kama chumba ni kitupu.

Mdau wa Igoma: Kaka, nikiweka kamera chumbani si ndiyo rahisi kujua kama kuna mtu?
Jibu: Hapana kabisa, ndugu yangu. Ni faragha ya mgeni, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sumaku na mwendo vinatosha.

Mdau wa Ilemela: Nina chumba cha baridi cha sangara waliogandishwa. Nacho nikifungie kihisi cha kuzima?
Jibu: Cha kuzima usiweke, samaki wataharibika. Weka cha mlango chenye king'ora mlango ukizidi dakika 1 wazi, na cha joto kinachokutumia ujumbe nyuzi zikipanda juu ya -18. Kabla ya hapo kagua mpira wa mlango: bana karatasi kati ya mlango na fremu, ukiivuta ikatoka bila kukwama, badilisha mpira kwanza.