Kabla hujanunua kitabu cha sayansi cha mtoto, kifungue katikati

Niliwahi kununua kitabu cha sayansi cha bei kweli, kava ngumu, karatasi za kung'aa, roketi kubwa mbele. Mwanangu alikuwa darasa la tatu. Jioni moja mwezi umeandama tukawa tumekaa barazani, akaja nacho mkononi, akafungua, akaangalia juu, akaangalia kitabu tena, akaniambia mama, mwezi wa kitabuni umesimama, wetu umelala. Jamani mimi na utu uzima huu nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Nikaanza kutafuta, kumbe mtoto yuko sahihi, sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linazama kama linadondoka wima, kwa hiyo ule upande wa mwezi unaomulikwa unaangalia chini na mwezi mchanga unaonekana kama mtumbwi, wenzetu wa Uingereza wanauona umesimama kwa ubavu. Kitabu hakikukosea, ila kiliandikiwa mtoto wa kule na hakuna mahali kimesema hivyo, sasa mtoto wa Dar anabaki kuchagua aamini kitabu au aamini macho yake, na wengi wataamini kitabu. Hilo liliniuma sana.

Tangu hapo nachagua vitabu kwa utaratibu, na nimeshachagulia watoto wa ndugu na wa majirani, nawaandikia hapa ninavyofanya.

Kabla hujaenda popote, wiki nzima sikiliza tu mtoto anauliza nini, andika kwenye simu. Usimuulize "unapenda sayansi gani", hilo swali hata mtu mzima halijibiki. Wa kwangu ndani ya wiki moja aliuliza kuku anakojolea wapi, mbu kwa nini anaimba sikioni na haimbi mguuni, na moto wa gesi kwa nini ni wa bluu wakati wa mkaa ni mwekundu. Hapo nikajua natafuta kitabu cha wanyama na wadudu, na ile roketi ya watu ikae kwanza. (Kuku hana kibofu, ule weupe unaouona kwenye kinyesi chake ndo mkojo wenyewe. Na mbu anaimba kila mahali, ile sauti ni mabawa yake, sema unaisikia akifika karibu na sikio, na anapenda kuja kichwani kwa sababu anafuata hewa tunayoitoa puani na mdomoni.) Ukishakuwa na maswali matatu manne ya mtoto, ukifika dukani unatafuta kitabu chenye angalau jibu la moja wapo, na akilikuta humo atakuletea kitabu chumbani mbio saa moja usiku.

Sasa dukani. Kava usiliangalie kabisa, fungua katikati, popote, usome ukurasa mmoja kwa sauti ya chini kama unamsomea yeye. Kama kila sentensi ni "mmea ni kiumbe hai ambacho...", "mizizi ni sehemu ya mmea ambayo...", hicho ni kitabu cha kukariri, kina kazi yake kabisa na darasa la nne kuna mtihani unakuja, ila usimpe mtoto ukamwambia hii ndo sayansi furahia. Ukurasa mzuri unamtaka mtoto ainuke. Unamwambia nenda kafunike nyasi na ndoo siku kadhaa, halafu funua uone zimegeuka rangi gani na ujiulize kwa nini, ndipo unakuja kumweleza habari ya mwanga. Mi napima hivyo tu, nahesabu kwenye kurasa kama kumi ni mara ngapi mtoto anaambiwa angalia, gusa, hesabu, linganisha, onja, ngoja hadi kesho. Kama hakuna hata mara moja, narudisha rafuni.

Makosa nayo yapo mengi na hapa naomba mtu asione uvivu, kwa sababu mtoto akishika kosa akiwa na miaka saba kulitoa ni kazi. Nina sehemu tatu naenda moja kwa moja. Ukurasa wa sayari: kama wanahesabu tisa na Pluto imo, yaliyomo ni ya kabla ya 2006, mwaka huo wataalamu wa nyota waliitoa Pluto kwenye orodha wakaiita sayari kibete, zimebaki nane. Hata kama nyuma wameandika toleo la juzi, ujue wamechapa upya tu bila kusoma. Ukurasa wa ulimi: ukikuta mchoro umegawanywa vyumba, hapa tamu, hapa chumvi, pembeni chachu, nyuma chungu, huo ni uongo wa zamani sana unaorithiwa kitabu kwa kitabu, ladha zote zinasikika kila penye vionja ladha, na mtoto anaweza kuhakikisha mwenyewe na kijiko cha sukari. Ukurasa wa damu: wakisema damu ni ya bluu mpaka ikutane na hewa, sio kweli, ni nyekundu muda wote, isiyo na oksijeni ya kutosha inakuwa nyekundu ya kuiva zaidi, ule ubluu wa mishipa mkononi ni ngozi na mwanga vinachezea macho. Mtu anaweza kuniuliza mbona kwenye picha wanachora mishipa ya bluu, ile ni alama tu ya kutofautisha, na kitabu kizuri kinalisema hilo pembeni ya picha.

Kosa moja kwenye kitabu cha mitumba cha bei nzuri nalivumilia, tunakaa na mtoto tunalikata kwa kalamu na kuandika sahihi pembeni, na kusema kweli kile kitabu tulichokisahihisha wenyewe ndo anakipenda kuliko vyote, anawaonyesha wageni. Makosa mawili kwenda juu siendelei.

Ila tofautisha kosa na uzee. Kitabu cha miaka kumi nyuma kitakupa idadi ndogo ya miezi ya sayari ya Zohali, maana mwaka 2025 ilifika 274 baada ya kupatikana mingine zaidi ya mia kwa mpigo. Aliyeandika zamani hakukosea, watu wameendelea kutafuta, na hiyo ukimweleza mtoto anaelewa vizuri tu, wa kwangu aliniuliza "kwa hiyo bado ipo mingine haijaonekana?" akakaa kimya muda mrefu anafikiria.

Majaribio. Angalia orodha ya vifaa kabla hujaangalia picha za watoto wanacheka. Kama kitabu kinataka vitu vya kuagiza, hayo majaribio hayatafanyika, mtoto atayasoma kama hadithi za watu wengine. Kitabu kikitumia chupa za maji, pamba, choroko, ndimu, mshumaa, kioo, uzi, hicho chukua. Na kama majaribio ni mazuri ila vifaa ndo vya mbali, jiulize kama kuna cha kubadilisha hapa kwetu. Kuna lile la kabichi ya zambarau la kujua kitu kipi ni asidi (kikali kama ndimu) na kipi ni besi (kinyume chake, kama magadi), kabichi ile kwetu ni ya supamaketi na bei yake mmh, sisi tulitumia maji ya rozela, ileile ya juisi, ukikamulia ndimu inazidi kuwa nyekundu, ukitia magadi inaacha wekundu inakuwa kama kijani bluu hivi, watoto wa jirani wote walijaa jikoni siku hiyo na rozela ikaisha. Halafu usalama: penye moto lazima kiandikwe uwepo wa mtu mzima, na kikizungumzia kupatwa kwa jua lazima kiseme wazi usitazame jua kwa macho makavu. Hata Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ukaliziba katikati likabaki kama pete, na watu wakaenda kushuhudia Rujewa kule Mbarali, miwani maalumu ndo ilikuwa habari ya kwanza. Kitabu kinachoonyesha pete ya jua bila hilo onyo, mi sikiachi ndani ya nyumba yenye watoto.

Lugha, hapa wazazi tunabishana sana. Maoni yangu: kitabu cha kufurahia kiwe kwa lugha ambayo mtoto anauliza maswali yake. Kama anakuuliza kwa Kiswahili mpe cha Kiswahili hata kama shule yake ni ya Kiingereza, Kiingereza kitakuja, atakisoma miaka na miaka. Watu wanaogopa maneno ya sayansi ya Kiswahili eti magumu, mi naona mengi yanajieleza yenyewe kuliko ya Kiingereza. Usanisinuru, lipasue, usanisi ni kutengeneza, nuru ndo hiyo nuru, mtoto ameshapata nusu ya somo kwenye jina tu. Kingamwili, ni kinga ya mwili. Kipimajoto. Sasa mtoto wa Kiingereza akiambiwa "photosynthesis" anabebwa mpaka Ugiriki. Cha kuangalia ni kama kitabu kinalifungua neno pale linapotokea mara ya kwanza au kinalitupa tu halafu kinaendelea, na kama neno ni lilelile mwanzo hadi mwisho, vitabu vya kutafsiriwa vina tabia ya kuita kitu kimoja majina matatu.

Kingine nakitafuta kwa nguvu zote ni watu. Vitabu vingi vinaandika sayansi kama imeshuka imekamilika, hakuna aliyehangaika. Tafuta chenye mtu anayeuliza swali, anachekwa, anajaribu. Na hapo hatuna haja ya kwenda mbali, mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi sekondari ya Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, maziwa yanachemshwa na sukari halafu yanaachwa yapoe ndo yaingie kwenye friza, nafasi zinaisha, yeye akaamua kuyaingiza yakiwa moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza ya baridi. Akauliza darasani akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha, alipofika Mkwawa, Iringa, siku akaja mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar, Denis Osborne, kijana akasimama akauliza tena mbele ya watu, wenzake wakacheka, yule mgeni akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana kama inatokea kweli kila mara na kwa nini, na jina wanalolitumia ni la Mpemba. Hii mtoto wa miaka tisa anaielewa yote, friza anaijua, aiskrimu anaijua, kuchekwa darasani anakujua. Wa kwangu alijaza vikombe viwili usiku huohuo na matokeo yetu hayakutoka kama ya Mpemba, akasema tutarudia, tukarudia.

Vivyo hivyo kama kitabu ni cha dinosaria kipekue kama kinaitaja Tendaguru, Lindi, walikochimba Wajerumani 1909 hadi 1913 na mifupa ya dinosaria mmoja mkubwa sana ikajengwa Berlin, amesimama zaidi ya mita 13. Cha binadamu wa kale kiwe na nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zenye miaka kama milioni 3.6. Cha samaki, silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na tangu 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimpata pwani hii, Tanga wana hifadhi yenye jina lake. Kisipotaja sio kosa, ila we mzazi ongezea kwa mdomo.

Umri sitakaa sana. Chini ya miaka sita, wazo moja kwa kitabu kizima na picha kubwa. Saba hadi tisa, mpe njia ya vidole vitano: asome ukurasa mmoja, kila neno gumu anakunja kidole, vikiisha vyote kabla ya ukurasa kwisha hicho msome pamoja au subirini mwakani. Kumi kuendelea muache achague mwenyewe, hata akichagua cha minyoo ya tumbo, na we usikunje uso.

Pa kupata: vitabu vya mitumba pale Posta, Dar, vipo vya sayansi vizuri sana, nenda na muda wako, ukague zile kurasa tatu nilizosema kwa sababu vingi ni vya zamani. Maktaba kuu barabara ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto, mpeleke yeye mwenyewe. Kama una simu na bando, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina vitabu vya Kiswahili vya bure unavyoweza kushusha, soma kwanza mwenyewe maana tafsiri nyingine zimepinda, na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) nao wana maktaba yao mtandaoni ya vitabu vya shule.

Ukishafika nyumbani na kitabu usianze ukurasa wa kwanza. Kurasa za kwanza mara nyingi ni "sayansi ni nini", zinachosha hata mimi. Mkae mkekani, mfungulie pale penye lile swali lake la wiki ile, kuku au mbu au moto, msome huo ukurasa tu, halafu kiache wazi palepale mkekani uende jikoni.