Kushusha Cessna 172 kwa Macho na kwa Mwili

Mwanafunzi wa urubani anayegonga chini kila akitua huambiwa avute usukani mapema zaidi, au achelewe zaidi. Ushauri huo haumfikishi mbali, kwa sababu tatizo mara nyingi haliko mikononi. Liko kwenye macho yanayotazama pasipofaa, na mikono hufuata macho. Mwongozo huu ni wa Cessna 172, ndege wanayojifunzia wengi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na umeandikwa kwa anayeruka na mwalimu kwenye kiti cha kulia. Namba zilizomo ni za 172S. Modeli yako ikiwa nyingine, fuata kitabu cha ndege yako.

Anza juu, mbali na ardhi

Mwili haujifunzi kitu kwenye zile sekunde tano za mwisho juu ya lami, kwa hiyo upe nafasi kwanza. Panda futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi. Punguza throto, yaani mkono wa nguvu za injini, hadi injini izunguke kama mara 1,500 kwa dakika, teremsha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, kwa hatua (digrii 10 chini ya noti 110, zilizobaki chini ya 85; noti ni maili ya baharini kwa saa), tulia kwenye noti 65, kisha zungusha trimu, kile kigurudumu kinachokushikilia pua, mpaka uweze kuachia usukani na pua isipande wala kushuka. Noti 65 ni kama kilomita 120 kwa saa.

Sasa mwalimu afunike kipima kasi kwa karatasi. Tazama mstari wa upeo wa macho unakata kioo cha mbele wapi, na uupime kwa vidole kutoka ukingo wa dashibodi. Vidole hivyo ndivyo noti 65 zako, ukikaa kwenye kiti kwa urefu uleule kila siku. Anayekaa chini leo na juu kesho atatua tofauti kila siku, na atadhani ni bahati.

Inua pua kidogo, subiri. Mvumo wa upepo mlangoni unafifia na usukani unalegea. Mkono uliokuwa ukisogea kidole kimoja kupata jibu sasa unasogea vitatu. Teremsha pua, na mvumo unarudi, usukani unakaza. Taja kasi unayodhani unayo, ndipo karatasi iondolewe. Rudia mpaka makosa yako yasizidi noti 5. Kisha endelea kupunguza kasi hadi king'ora cha stoli kilie, noti 5 hadi 10 kabla ya stoli yenyewe, yaani bawa kushindwa kubeba ndege. Kisikie mara nyingi ukiwa juu. Ndiyo sauti utakayokuwa ukiitafuta chini.

Mteremko ndio unaoamua

Kutua kubaya kwa kawaida huanza umbali wa maili mbili. Ukifika kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kutulia ndege, na kasi iliyozidi noti 10, hakuna ujanja wa mkono utakaoiondoa. Ndege itaelea tu, na njia inakwisha.

Ruka mzunguko, ile njia ya kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, kwenye futi 1,000 juu ya uwanja. Ukiwa sambamba na kizingiti, punguza nguvu na toa flapu digrii 10. Kizingiti kikiwa nyuma ya bega lako kwa digrii 45, kata kona na utoe 20. Kwenye fainali, mstari ulionyooka kuelekea njia, toa zote, noti 65, trimu. Mteremko wa kawaida wa digrii 3 ni futi 300 kwa kila maili ya baharini. Kwa hiyo ukiwa maili moja uwe na futi 300 hivi juu ya uwanja.

Chagua sehemu moja njiani, kwa mfano ile namba kubwa iliyopakwa rangi, na uitazame kwenye kioo. Pua ikiwa imetulia, sehemu isiyosogea kiooni ndiyo unayoiendea. Namba ikipanda kiooni, utaanguka kabla yake, ongeza nguvu. Ikiteleza chini kuelekea pua, utaipita, punguza. Pua ibaki pale pale, nguvu ndiyo ifanye kazi. Kosa linaloua hapa ni kuinua pua ili "kuifikia" njia bila kuongeza nguvu. Kwa muda mfupi huonekana limefaulu, kisha kasi inakwisha na ndege inazama palepale, chini mno kuokolewa.

Macho hudanganywa na umbo la njia, na hili lipe uzito. Aliyezoea lami pana akienda kwenye kiwanja chembamba cha murram huko Mara, ule wembamba humfanya ajione yuko juu, hivyo hushuka chini kupita kiasi bila kujua. Akienda kwenye njia pana kama ya Mombasa, hujiona yuko chini na huinua pua mapema, futi nyingi hewani. Njia inayopanda kilima nayo humfanya ajione yuko juu. Dawa ni kuhesabu urefu na umbali, na kutoamini jinsi njia "inavyoonekana" kwa mara ya kwanza.

Kuna udanganyifu wa pili, wa miinuko. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo noti 65 za kipima kasi ni zaidi ya noti 70 halisi. Ardhi inakukimbilia, na mwili unakushawishi uinue pua kupunguza mwendo. Usiusikilize. Bawa linajali kipima kasi, halijali kasi ya ardhi. Wewe jali urefu wa njia, kwa sababu breki ndizo zitakazobeba tofauti. Na kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta kisisukumwe chote ndani kwa mazoea ya pwani. Kwenye urefu huo injini hupata mafuta mengi kuliko inavyohitaji kwa hewa iliyopo, na utakosa nguvu siku utakapolazimika kupaa tena.

Futi ishirini za mwisho

Ukivuka kizingiti, yainue macho. Yatoe kwenye ile namba uyapeleke mwisho wa njia. Anayeendelea kutazama chini mbele ya pua huona ukungu wa lami inayokimbia, hawezi kupima urefu, hushtuka na kuvuta kwa nguvu. Ukitazama mbali, kingo za njia zilizo pembezoni mwa macho ndizo zitakazokupimia.

Kati ya futi 20 na 10 utaona mabadiliko mawili. Kingo za njia, zilizokuwa zikija taratibu, zinafunguka ghafla kwenda kushoto na kulia, na ardhi iliyokuwa rangi tupu inapata chembechembe: majani ya nyasi moja moja, kokoto za murram. Hapo vuta usukani kwa upole, na throto irudi hadi mwisho taratibu. Lengo ni kuacha kushuka, ubaki sambamba na njia. Usiipandishe ndege.

Kuanzia hapo kazi ni kuizuia isitue. Chini ya urefu wa mabawa yake, mita 11, ukaribu wa ardhi hupunguza ukinzani wa hewa, na ndege inaelea. Kila unapohisi kiti kinazama chini yako, vuta sentimita moja zaidi. Kikitulia, shikilia tu. Kamwe usirudishe usukani mbele. Pua itapanda mpaka ifunike mwisho wa njia. Hapo sogeza macho kidogo kushoto mwa pua, ushike ukingo. King'ora kinaanza kulia, magurudumu makuu mawili yanagusa. Endelea kuvuta, gurudumu la mbele lishuke lenyewe.

Ukigundua umeinua pua ukiwa juu sana, usiisukume. Shikilia pua hapo na ongeza nguvu kidogo ushuke polepole. Ndege ikidunda futi mbili tatu, fanya vivyo hivyo. Ikidunda juu, au mara ya pili, paa. Mwanafunzi anayejaribu kuokoa midundo kwa kusukuma usukani hutua kwa gurudumu la mbele, na huo ndio mwanzo wa propela iliyopinda.

Kupaa tena: throto yote, pedali ya kulia kuzuia pua kukimbilia kushoto, flapu hadi 20 mara moja, pua kwenye noti 60. Flapu zilizobaki zipandishwe kwa hatua baada ya kuanza kupanda. Kwenye modeli za zamani zenye kabureta, zima joto la kabureta pia. Tarajia pua kutaka kuruka juu kwa sababu ya trimu uliyoiweka ya kutua. Izuie kwa mkono.

Upepo wa ubavuni

Hapa mabaharia wana neno zuri, joshi, yaani upande upepo unakotoka. Shuka pua ikielekea joshini kidogo, ili ndege ifuate mstari wa katikati. Kabla ya kugusa, nyoosha pua kwa pedali na ulaze bawa la joshini kwa usukani lisisukumwe pembeni. Gurudumu la upande huo ndilo linalogusa kwanza, moja peke yake, na ni sawa. Pua isiyonyooka huhisiwa kama kiti kinavutwa pembeni wakati matairi yanagusa. Kwenye 172 upepo wa ubavuni uliojaribiwa na watengenezaji ni noti 15, na mwanafunzi asianzie hapo. Baada ya kugusa, usukani uendelee kugeukia joshini zaidi na zaidi kadiri kasi inavyopungua, hadi mwisho wa usukani. Wengi huulegeza pale pale magurudumu yanapogusa, na bawa linainuka ndege ikiwa bado kwenye mbio.