Kabla ya kununua wino, uliza hedi iko wapi

Kijana mmoja aliyetoka kumaliza chuo alikuja kaunta kwangu, akasubiri wateja wapungue, ndipo akasogea. "Shikamoo mama. Nimenunua printa, nataka kufungua steshenari kule kwetu Kilosa. Niweke wino wa orijino au huu wa kawaida?"

"Marahaba mwanangu. Hedi ya printa yako iko wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza ng'ombe wa baba yake analala upande gani.

Huu ni mwaka wa kumi na moja niko nyuma ya kaunta hii, hapa Morogoro, na kila anayeniuliza habari ya wino anataka nimpe neno moja aondoke nalo. Sina. Mezani kwangu kuna mashine tatu. Moja haionji wino wowote isipokuwa wa kampuni yake, nyingine naijazia kwa sindano, na ya tatu, ya leza, nainunulia tona za kawaida, yaani poda yake, bila kuona haya. Kinachoamua ni mambo mawili tu: hedi imekaa wapi, na ukurasa mmoja unakugharimu shilingi ngapi.

Hedi ni kile kipande chenye vitundu vyembamba kuliko unywele, kinachorusha wino kwenye karatasi. Kwenye printa ndogo za katriji, mfano zile za HP zinazotumia katriji namba 123 au 652, hedi imebandikwa kwenye katriji yenyewe. Ukiiziba, umepoteza katriji. Ukinunua nyingine, umepata hedi mpya. Kwenye printa za tangi za Epson, kama L3110, L3210 na L3250, hedi imefungwa ndani ya mashine na inategemewa ikae humo mpaka mashine izeeke. Canon za G zina matangi pia, ila hedi zake mbili zinachomoka na unaweza kununua nyingine ukazipachika. Mashine za leza hazina hedi wala wino. Zenyewe zinatumia poda.

Hedi ya ndani nimeilipia ada yake. Printa yangu ya kwanza ya tangi niliilisha wino wa orijino miezi minane, halafu mtu akanishawishi nichukue chupa nne za wino usio na jina, lebo yake imeandikwa kwamba unafaa printa zote. Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri, nikajiona mjanja. Desemba nikafunga duka siku kumi na mbili, nikaenda nyumbani. Niliporudi, nyeusi inatoka kwa mistari kama godoro la hospitali na njano haitoki kabisa. Nikasafisha hedi kwa kompyuta mara sita, na kila usafishaji ukanywa wino mwingine. Fundi alipofungua akanionyesha uji umeganda kwenye mirija. Hedi mpya ilikuwa na bei ya kukaribia printa mpya, nikanunua printa.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana wengi wanatazama bei ya chupa badala ya bei ya ukurasa. Bei ninazoweka hapa ni za mfano, wewe weka za kwako.

Chupa nyeusi ya Epson namba 103 ina mililita 65, na kampuni inaihesabia kurasa 4,500. Ukiinunua 30,000, ukurasa mmoja umekula wino wa karibu shilingi 7. Chukua wino wa kawaida, mililita 100 kwa 10,000, ufanye kazi sawasawa: ukurasa unakuja shilingi moja na nusu. Kwa rimu kumi nzima umeokoa kama 26,000. Si haba, lakini hiyo karatasi unayochapia, rimu ikiwa 12,500, kila moja ni shilingi 25. Yaani kwenye printa ya tangi, wino wa orijino ni rahisi kuliko karatasi tupu! Halafu kwa ajili ya hizo shilingi tano unaweka rehani hedi isiyotoka. Mimi nilishaweka, sirudii.

Geuza upande wa pili. Katriji nyeusi ya HP 123 inahesabiwa kurasa 120 hivi. Ukiipata kwa 42,000, ukurasa mmoja ni shilingi 350 kabla hujaweka karatasi wala umeme. Mwanafunzi anakuja na shilingi mia mkononi. Hapo orijino ni kujifilisi, na hedi unayoogopa kuiua inatupwa na katriji yenyewe. Mashine ya namna hiyo jaza. Nunua katriji ya kwanza orijino, maana unanunua hedi nzuri, kisha ijaze kwa sindano kabla haijakauka kabisa. Ikikauka ndani, hedi inaungua, kwa kuwa wino ndio unaoipoza. Mililita tatu au nne polepole. Ukiona unafurika juu, vuta kidogo urudishe. Kompyuta itaendelea kukwambia katriji ni tupu, usibishane nayo. Yangu huwa inajazwa mara nne, tano, ndipo mistari inaanza.

Ila nilimwambia kijana wa Kilosa, kwa biashara usinunue printa hiyo kabisa. Ni ya nyumbani, ya mtu anayechapa barua mbili kwa mwezi.

Leza nayo ina hesabu yake. Tona ya HP 85A inahesabiwa kurasa 1,600. Orijino ikiwa 200,000, ukurasa ni shilingi 125. Ya kawaida ya 32,000 ikitimiza kurasa hizo ni shilingi 20, na hata ikikata pumzi kwenye 1,200 ni kama 27. Kwa tona za namna hii, kama 85A na 12A, dramu, ile silinda inayobeba poda mpaka kwenye karatasi, imo ndani ya katriji, kwa hiyo tona mbaya ikikwaruza dramu unatupa vyote pamoja na mashine inabaki salama kwa kiasi kikubwa. Hatari iliyopo ni poda kuvuja ndani, au poda isiyoyeyuka vizuri ikang'ang'ania kwenye fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha poda kwenye karatasi. Ndiyo maana sinunui tona kwa kuangalia boksi. Naomba muuzaji aiweke kwenye mashine ya dukani kwake, tunatoa kurasa tano. Natazama mgongo wa karatasi kama una vumbi, nyeupe kama imekuwa kijivu, na nasugua maandishi kwa kidole. Yakifutika, namrudishia tona yake na asante.

Hizo namba za kurasa zimepimwa kwa karatasi yenye maandishi ya kawaida, wino ukifunika kama asilimia 5 tu. Tangazo la msiba lenye picha kubwa ya marehemu na ukingo mweusi si asilimia 5. Ukichapa mengi ya hayo, usiende kumgombeza muuzaji.

Nimekuwa nikisema "wa kawaida" bila kuufafanua. Sokoni wino uko wa namna tatu, si mbili. Kuna orijino, wa kampuni ya printa. Kuna wa kawaida, uliotengenezwa na kampuni nyingine ikaweka jina lake waziwazi na kuandika printa unazofaa. Huo hauna kosa lolote. Mzuri upo na mbovu upo. Kisha kuna feki, wino usiojulikana umevalishwa boksi la orijino, nao ndio ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu unalipa bei ya orijino na kupata wasiwasi. Bei ya Kariakoo huwa chini kuliko yetu huku, hilo halinishtui, lakini chupa ya orijino ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, jiulize nusu nyingine imelipwa na nani. Nalinganisha boksi na la zamani nililolihifadhi: rangi, herufi, mihuri, kifuniko kama kimeshafunguliwa. Nadai risiti ya EFD. Feki ukiikamata, Tume ya Ushindani ndiyo inayohusika na bidhaa bandia.

Ukiamua kutumia wa kawaida kwenye tangi, labda kwa kuwa mashine ni kuukuu na waranti ilishakwisha, basi angalia aina ya wino. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka na kuna wa chembechembe. Epson 103 ni wa kuyeyuka rangi zote nne. Canon GI-490, nyeusi yake ni ya chembechembe na rangi nyingine ni za kuyeyuka. Ukimimina wa chembechembe kwenye mashine ya wino wa kuyeyuka, unaalika kuziba. Ukifanya kinyume, hutaziba, lakini barua ya mteja ikidondokewa na mvua maandishi yanatembea. Jaribio lake ni rahisi: chapa neno, liache likauke, dondoshea tone la maji. Usichanganye chapa mbili ndani ya tangi moja. Subiri wa zamani ushuke mpaka karibu na mstari wa chini, usiupite, ndipo umimine mpya. Na ukishapata unaokubaliana na mashine yako, ng'ang'ania huohuo.

Printa ikiwa bado ina waranti, weka orijino tu. Hedi ikizibwa na wino wa nje, hakuna atakayekutengenezea bure.

Wenye printa zenye katriji za chipu wana jambo moja la ziada. Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP OfficeJet duniani ziliamka zikikataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, kwa sababu ya programu iliyowekwa ndani. Kelele zilikuwa kubwa mpaka kampuni ikatoa marekebisho, lakini mtindo wa kuzuia chipu za nje haukufa. Kama unategemea katriji za kawaida, zima masasisho ya kujiendesha ya printa mara tu unapoiunganisha na intaneti.

Kijana alikuwa na L3210. Nikamwambia aweke orijino, na leza ya mtumba akiipata, ailishe tona za kawaida, ndiyo imbebe dirisha la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi likifunguka, maana hapo foleni ni ya fomu nyeusi tupu. Picha za paspoti na vyeti abaki navyo kwenye Epson. Niliwahi kutoa picha kwa wino wa bei chee, mteja akazirudisha baada ya miezi mitatu sura imekuwa ya samawati.

Baada ya wiki saba akapiga simu. "Mama, wino ni orijino kama ulivyosema, lakini nyeusi imeanza mistari."

"Jioni unaizimaje?"

"Nachomoa kwenye soketi."

Hapo ndipo. Printa ya wino ukiizima kwa kitufe chake, hedi inarudi pembeni na kukaa kwenye kizibo chake isikauke. Ukichomoa waya ikiwa katikati ya kazi, hedi inabaki wazi usiku kucha, na kwa joto la Kilosa asubuhi imekauka. Hata umeme ukikatika ghafla, ukirudi iwashe, ingoje itulie, ndipo uizime kwa kitufe. Nikamwambia asafishe hedi mara mbili tu, aiache itulie kwa muda wa saa sita, apime tena nozo, yaani vile vitundu vya hedi. Jioni akatuma picha ya karatasi ya kipimo: mistari yote imetimia, isipokuwa mmoja wa njano.

"Huo nao?" akauliza.

"Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila Jumatatu, utafunguka."

Ulifunguka Jumatatu ya pili.