Kutayarisha majani na udongo kwa mashine ya isotopu thabiti (atomi nyepesi na nzito za elementi moja, zisizo na mionzi)

Osha majani kwa maji ya maabara, si ya bomba, kisha yakaushe katika bahasha za khaki kwa nyuzi 60, saa 48. Andika lebo kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwa spiriti. Saga hadi yawe laini kama unga wa chapati. Ukiishia kwenye ukubwa wa unga wa ugali, miligramu chache utakazopima haziwakilishi jani zima, na vipimo viwili vya sampuli moja havitakubaliana.

Pima miligramu 2 hadi 3 za majani katika kikombe cha bati. Udongo mwekundu wa Kabete, takriban 30. Kunja kwa vibano, kamwe si kwa vidole, hadi kiwe kidonge. Kiangushe juu ya kioo: kikiacha vumbi, kimetoboka. Kaza vizuri, maana hewa iliyobaki ndani nayo ina naitrojeni.

Chokaa ndiyo huwasumbua wengi. Udongo mweusi wa tambarare za Athi mara nyingi una vijiwe vyeupe, na kaboni ya chokaa hupandisha thamani ya 13C (kaboni nzito) hata kama ni kidogo. Dondoshea asidi ya hidrokloriki. Udongo ukitoa povu, chokaa imo. Hapo tumia vikombe vya fedha, kwa kuwa asidi hula bati. Lowanisha udongo kidogo, uweke pamoja na bika ya asidi kali katika chombo kilichofungwa, ndani ya kabati la kuvuta mvuke, saa 6 hadi 8, kisha kausha. Naitrojeni ipimwe kwenye fungu jingine lisiloguswa na asidi.

Ndani ya mashine kidonge huungua katika oksijeni kwenye takriban nyuzi 1000, heliamu husukuma gesi, shaba ya moto hugeuza oksidi za naitrojeni kuwa N2, na spektromita (kifaa cha kutenganisha molekuli kwa uzito) huhesabu masi 28 na 29 za N2, kisha 44, 45 na 46 za kaboni dioksidi. Weka sampuli rejea, yenye thamani inayojulikana, kila baada ya sampuli 10 au 12.

Majibu yakirudi, anza na unayoyajua: thamani ya 13C ya majani ya mahindi huwa karibu na −12‰ (sehemu kwa elfu, ikilinganishwa na kiwango rejea), maharagwe −27‰. Yakija kinyume, kagua lebo kwanza.

Majani ya shamba lililotiwa mbolea ya 15N (naitrojeni nzito) yasipite kwenye kinu cha sampuli za kawaida. Mwambie fundi mapema, ayapime mwisho.