Somo: Kutunga vidokezo vya chemshabongo kwa maneno yenye maana zaidi ya moja

Mjazaji akisoma "Hutembea kwa ubavu, huwaka jikoni (3)", ambapo namba ya mabano ni idadi ya herufi za jibu, hutafuta kitu kimoja kinachofanya yote mawili. Hakipo. Lipo neno moja tu, KAA: yule wa pwani na lile la moto. Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii, kwa hiyo malighafi si tatizo. Ugumu ni ngeli. Upatanisho wa kisarufi humchongea mtunzi kabla sentensi haijaisha, na kazi kubwa ni kuuficha bila kumdanganya msomaji.

Hatua ya 1: Orodhesha maana zote. Chukua PAA: sehemu ya juu ya nyumba, mnyama wa jamii ya swala, kwenda juu hewani, kuondoa magamba ya samaki. Chagua mbili zilizo mbalimbali kabisa. Mguu wa mtu na mguu wa meza havifai, maana ni wazo lilelile.

Hatua ya 2: Linganisha aina ya neno. Kitenzi kidokezwe kwa kitenzi cha umbo lilelile. MEZA ni samani, na pia ni amri. "Samani ya kupitisha kooni (4)" ni kosa, kwa sababu "kupitisha" inadai KUMEZA, yenye herufi 6. Andika "Pitisha kooni samani (4)". Sentensi inachekesha, na kila upande ni maana kamili ya jibu.

Hatua ya 3: Ficha ngeli. Hapa ndipo vidokezo vingi hufa. Ukiandika "Anatembea kwa ubavu, linawaka jikoni", a- inataja kiumbe hai na li- inataja kitu kingine, siri imetoka. Silaha yako ya kwanza ni hu- ya mazoea, isiyobeba kiambishi cha ngeli: "Hula majani, hukuna nazi (5)" ni MBUZI. Lakini usiandike "anakuna nazi", kwa sababu mbuzi ya kukunia si kiumbe; huko si kuficha tena, ni kusema uongo.

Silaha ya pili ni amri: "Fanya kazi ya dobi, fanya ya mhunzi (3)" ni FUA, na "Toa shati mwilini, toa samaki majini (3)" ni VUA. Epuka -enye na viashiria kama huyu, hili na hii. Ukihitaji kukanusha, "bila" haina ngeli, "asiye" na "lisilo" zinayo.

Maneno machache yana ngeli moja kwa maana zote, nayo ni zawadi. MTO wa maji na mto wa kulalia yote ni u-, kwa hiyo unaweza kuandika waziwazi: "Unapita bondeni, unabeba kichwa usiku (3)".

Hatua ya 4: Saka jibu pinzani. "Mnyama mkubwa mwenye mkonga (5)" hupokea TEMBO na NDOVU, yote herufi 5. Maana ya pili ndiyo huamua: "Huwa na mkonga, hulewesha (5)". Tembo ni pombe pia; ndovu haleweshi mtu.

Hatua ya 5: Angalia makutano. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, hivyo herufi ya mwisho haimsaidii sana mjazaji. Kama KAA imekatizwa kwenye A mbili tu, KAA, PAA, SAA, TAA na BAA zote zinaenea. Pitisha neno la wima kwenye K.

Maswali ya wanachama

*CH, SH na NG' zikae kisanduku kimoja?*
Weka herufi moja kila kisanduku, ritifaa idondoke. NG'OMBE itakuwa 6. Ukichagua kuunganisha, CHUNGU inashuka kutoka 6 hadi 5, kwa hiyo liandike sharti hilo juu ya jedwali.

*BARABARA hutamkwa kwa mkazo tofauti kila maana. Inaruhusiwa?*
Ndiyo. Mkazo hauandikwi, na mjazaji anajaza maandishi. "Njia ya magari, safi kabisa (8)" ni kidokezo halali na kizuri.

*Nimetunga "Hukaangwa na kitunguu, humzaa mama (6)" kwa NYANYA. Mjazaji mmoja amelalamika kwamba kwao mama wa mama ni bibi.*
Libakishe neno, kwa sababu maana ya kwanza inajulikana kote. Mahali ambapo maana moja ni ya upande mmoja wa wasemaji, katiza angalau N moja na Y moja ili apate jibu kwa njia nyingine.

*Vidokezo vya aina hii viwe vingapi?*
Kwenye jedwali la 15 kwa 15, visizidi theluthi moja. Muhimu zaidi, viwili visikatizane kwenye kona moja: mjazaji akikwama kimoja, kingine hakimwokoi. Kila cha maana mbili kikatizwe na maneno yenye vidokezo vya moja kwa moja.