Kabla hujaipakia Jeep ya vita kwenye trela: mambo ya kuzingatia

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Mtu amekaa gereji miaka minne akiifufua Willys MB, Jeep ya jeshi, ya 1943, amekata sakafu iliyoliwa na kutu na kuchomelea mpya, amesuka waya zote upya, halafu wiki ya mwisho anaipulizia rangi inayong'aa kama sahani ya harusi. Siku ya maonyesho mwamuzi anainama, anajiona sura yake kwenye boneti, anaandika kitu kwenye karatasi na kusogea gari linalofuata. Kijani kile cha mzeituni kilichanganywa makusudi kiwe kimefubaa, kisirudishe mwanga wa jua, maana rubani wa adui akiona kitu kinametameta barabarani haulizi mara mbili. Hata ile dawa ya kung'arisha tairi, iache nyumbani.

Huku Marekani tuko wachache, mafundi tuliotoka Mombasa, Tanga au Bujumbura, ambao tumejikuta tukishika spana kwenye gereji za wazee wanaokusanya magari ya jeshi. Mimi niliingia kwa sababu jirani yangu alihitaji mtu wa kushika tochi, na sijatoka tena. Chama kikubwa cha wakusanyaji hawa ni Military Vehicle Preservation Association, kwa kifupi MVPA, kilichoanzishwa 1976 na chenye makao yake Independence, Missouri. Kila mwaka kina mkutano mkuu, na mji wa kukutania hubadilika. Yafuatayo ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya safari yangu ya kwanza.

Anza na fomu ya kuingiza gari kwenye maonyesho ya mkutano huo. Itakuuliza unaliingiza gari katika daraja gani, na jibu lako ndilo linaloamua kazi yote iliyobaki. Kwa kawaida kuna daraja la gari lilivyotoka kiwandani, na kuna la gari lilivyokuwa mikononi mwa askari na mafundi wa kikosi. Tofauti si ndogo. Jeep za vita karibu zote zilitengenezwa na kampuni mbili, Willys na Ford, jumla yake kama 640,000 kati ya 1941 na 1945, na Ford alikuwa na tabia ya kupiga chapa ya herufi F kwenye vipuri vyake, hadi kwenye vichwa vya bolti. Ukisema gari lako ni Ford GPW kama lilivyotoka kiwandani, mwamuzi atapiga magoti na tochi kutafuta hizo F moja moja. Ukisema ni gari la kikosini, mchanganyiko wa Ford na Willys hauna ubaya, kwani fundi aliyekuwa matopeni Ufaransa mwaka 1944 alifunga alichokipata. Mimi humshauri mgeni aingie daraja la pili. Si kwamba ni rahisi, ila linasamehe ukweli wa gari lenyewe.

Na ukweli wenyewe lazima uujue. Nimeona watu wakishusha kwa mbwembwe Jeep ya vita vikuu vya pili, kumbe ni Hotchkiss M201, iliyotengenezwa Ufaransa kwa leseni ya Willys katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa mbali zinafanana kama mapacha. M201 ni gari zuri lenye historia yake, Algeria na kwingineko. Ionyeshe kwa jina lake. Vivyo hivyo CJ-2A, ya kiraia, iliyoanza 1945: ina mlango wa nyuma wa kufungua na taa za mbele kubwa zaidi. Ikipakwa rangi ya jeshi na kubandikwa nyota haiwi MB. Kwa hiyo, mwezi mzima kabla ya safari, lala chini ya gari na kitambaa chenye mafuta ya taa, safisha chesisi mbele upande wa kushoto, usome namba. Kisha ilinganishe na kile kibao cha chuma kwenye kisanduku cha dashibodi chenye tarehe ya gari kukabidhiwa jeshi. Kibao kipya cha kuagiza kwa posta kinaruhusiwa mahali pengi, lakini usikitungie tarehe. Chesisi ya Machi na kibao cha Agosti vitagombana mbele ya watu.

Namba za boneti nazo zina lugha yake. Herufi S mwishoni haikuwa pambo: ilimaanisha gari limefungwa vifaa vya kuzuia mfumo wa umeme usiingize kelele kwenye redio. Ukiiandika, mwamuzi atafungua boneti kutafuta vifaa hivyo. Magari ya mwanzo wa vita yaliandikwa kwa samawati iliyofifia kiasi kwamba ukisimama mbali huioni. Nyeupe ilikuja baadaye. Tafuta picha ya gari la mwaka wako, usiige la jirani, maana jirani naye huenda aliiga la jirani yake.

Ukishamaliza hayo, tengeneza faili. Weka nakala ya TM 9-803, kitabu cha jeshi cha 1944 cha kuendesha na kutunza Jeep hii, picha za gari kabla hujaligusa, na risiti za vipuri vikubwa. Waamuzi ni binadamu, na wengi ni wakusanyaji kama wewe; mkibishana juu ya bolti, ukurasa uliofunguliwa mahali penyewe unamaliza maneno haraka kuliko sauti kubwa.

Sasa petroli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoaibika. Maonyesho yakiwa ndani ya ukumbi, sheria za zimamoto katika sehemu nyingi za Marekani zinataka betri ikatwe, mfuniko wa tangi ufungwe usiweze kufunguliwa na mpita njia, na mafuta yasizidi robo ya tangi au galoni 5, chochote kilicho kidogo. Tangi la Jeep liko chini ya kiti cha dereva na linabeba galoni 15, lita 57 hivi, kwa hiyo robo yake haifiki lita 15. Nilitazama geji, mshale umelala chini kabisa, nikasema hamdulilah. Mlangoni ofisa wa ukumbi, mama mmoja mpole mwenye miwani shingoni, akaniomba niinue kiti. Akatoa kijiti cha mbao, akakitumbukiza, akakitoa, akanionyesha pale unyevu ulipofika. Nusu tangi. Geji ya gari la miaka themanini ni ya kupendeza macho tu. Nilinyonya petroli kwa mpira kwenye dumu, magari kumi na moja yakiwa nyuma yangu kwenye foleni, na ladha yake ilinikaa kinywani hadi jioni. Tangu siku hiyo nina kijiti changu mwenyewe, nimekitia alama kwa kisu kila lita tano. Chonga cha kwako nyumbani, tangi likiwa tupu, ukimimina kwa kipimo.

Petroli yenyewe pia si ile ya zamani. Vituo vingi huku vinauza iliyochanganywa ethanoli asilimia 10, nayo hula mipira ya kale: mabomba laini, kiwambo cha pampu, oringi za kabureta. Kama hujabadilisha vyote kwa vya kisasa vinavyostahimili, badilisha kabla ya safari, kisha uliwashe gari kila siku kwa wiki moja huku ukipitisha kidole kwenye kila kiungo na kunusa. Breki vilevile. Wakusanyaji wengi hutia mafuta ya silikoni, DOT 5, kwa kuwa hayanyonyi unyevu gari linapolala miezi mingi. Ni sawa, lakini usiyachanganye na DOT 3, mafuta ya breki ya kawaida, wala usiruhusu rafiki mwenye nia njema akuongezee chochote akiwa na chupa asiyojua imetoka wapi. Andika kwa kalamu ya rangi kwenye mfuniko.

Rimu za vipande viwili nazihesabu kitu cha hatari kuliko vyote, hata kuliko bunduki. Jeep za vita zina rimu zilizoungwa kwa mzunguko wa bolti katikati. Kabla hujagusa bolti hizo, toa upepo wote. Ng'oa moyo wa valvu na usubiri mpaka pakae kimya. Tairi iliyojaa ikiachia vipande hivyo, chuma huruka. Malori makubwa kama GMC CCKW yana rimu zenye pete, na huko hata kujaza upepo kunataka kizimba cha chuma au walau mpira mrefu wa kukuweka mbali. Kama tairi zina mashaka, zishughulikie nyumbani kwa utulivu.

Safari. Jeep inaweza kukimbia maili 65 kwa saa kwa mujibu wa vitabu. Kwa mujibu wa mgongo wako, 45 zinatosha. Wengi huipandisha trela. Gari lina uzito wa kama kilo 1,100, na trela yenyewe inakaribia hapo, kwa hiyo angalia gari linalovuta linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo ikae kwenye ndoana. Ikipungua hapo, trela itaanza kucheza dansi kwenye mteremko. Mikanda minne, ifungwe kwenye ekseli na si kwenye bodi, maana springi zikidunda bodi hupanda na kushuka na mkanda hulegea. Breki ya mkono ya gari hili usiitegemee: haikamati tairi, inakamata shafti nyuma ya giaboksi ya pili. Weka gia, weka mbao mbele na nyuma ya tairi. Baada ya maili 50 simama, kaza tena. Mimi sijawahi kusimama nikakuta yote minne imekaza kama nilivyoiacha.

Shoka na sepetu vya ubavuni, dumu la nyuma, turubai, vyote vifunge ndani ya gari linalovuta. Upepo wa barabara kuu umeshachukua turubai za watu wengi.

Kuhusu silaha nitasema machache kwa sababu sheria inasema mengi. Bunduki ya mashine iliyosajiliwa baada ya Mei 1986 haiwezi kumilikiwa na raia wa kawaida huku, na za kabla yake zina makaratasi yake chini ya sheria ya 1934. Karibu kila unayoiona juu ya Jeep ni mfano usiopiga. Hata hivyo dereva aliye nyuma yako kwenye barabara kuu hajui hilo, wala askari atakayepigiwa simu. Ing'oe, ifunge, ifunike. Mabomu ya mkono na makombora ya maonyesho yawe na tundu linaloonekana wazi kwamba ni maganda matupu. Piga simu kwa waandaaji kabla, kwani kila jimbo lina yake, na kumbi nyingine hazitaki hata mfano.

Sanduku la akiba usilibebe kubwa, beba sahihi. Mfumo wa umeme wa MB ni volti 6, na duka la vipuri la mjini halitakuwa na balbu yako hata ukilia. Chukua balbu, fyuzi, pointi na kondensa, plagi, mkanda wa feni, tyubu moja, mpira wa rejeta. Ongeza mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, kipande cha katoni cha kutandika chini ya injini, kwa kuwa gari hili lisipodondosha tone la oili huenda halina oili, na maji ya kunywa mengi. Ni kiangazi, na chuma kilichopakwa rangi nzito kinachoma mkono saa nne asubuhi.

Soko la vipuri hufunguka mapema, na vizuri huondoka mapema zaidi. Nenda na orodha yenye namba za vipuri na pesa taslimu, kabla hujaanza kulifuta gari lako vumbi.

Wageni watakuja na watoto, na watoto watapanda. Amua mapema kama unaruhusu. Mimi naruhusu, nikiwa nimesimama pale, sepetu na shoka vikiwa vimefungwa vizuri. Wanachopenda kuliko vyote ni taa za mbele: zina bawaba, unalegeza nati ya kipepeo, unaigeuza taa nzima itazame nyuma, nayo inamulika injini usiku ukitengeneza. Watoto hucheka kama nimewafanyia mazingaombwe. Kwenye bango langu dogo nimeandika pia mistari miwili kuhusu Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katikati ya mvua na matope, kwa kuwa wengi wanaosimama hapo hawajui kwamba askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walifika huko. Mzee mmoja mwenye kofia ya wakongwe wa vita vya Korea aliisoma mara mbili, akaniuliza "Keya" inatamkwaje.

Waamuzi wakishapita, omba karatasi yao na uisome palepale wangali karibu. Ya mwisho niliyopata nimeibandika juu ya meza ya gereji. Inasema bolti tatu za bampa la mbele hazina F. Mbili nimezipata.