Namna ya Kuchora Ukutani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata brashi moja, ombeni idhini ya maandishi ya mamlaka ya hifadhi na ya mwenye nyumba. Kisha kaeni barazani na wakazi, mwasikilize wanavyousimulia mtaa wao: wacheza bao, mafundi wa milango, muuza kahawa anayegonganisha vikombe huku dele lake likiwa juu ya makaa. Choreni kwanza kwa mkaa, muuache mchoro siku kadhaa ili wazee waukosoe, kwani kufuta mkaa ni rahisi kuliko kubishana juu ya rangi iliyokwisha kukauka.

Kinachopuuzwa mno ni ukuta wenyewe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo hunyonya unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki huuzuia ndani, hata plasta ikavimba na kubanduka pamoja na mchoro. Tumieni chokaa iliyochujwa na kuchanganywa na rangi ya unga isiyoharibiwa na chokaa, mkiipaka kwa matabaka membamba juu ya ukuta uliolowanishwa. Penye kiraka cha saruji, fundi akibandue kwanza.